Barua ya wazi kwa wakurugenzi na wafadhili wa vituo vya utafiti wa ubongo na magonjwa ya akili

Waheshimiwa wakurugenzi, wajumbe wa bodi, na ninyi mnaoidhinisha fedha za miradi,

Nawaandikia nikiwa mtumishi wa utawala katika kituo kinachochunguza ubongo wa watu wenye magonjwa ya akili. Mimi ndiye ninayepokea simu, ninayepanga nani aingie saa ngapi kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo kwa sumaku, ninayefuatilia kibali cha kamati ya maadili kisije kikaisha muda, ninayehangaika malipo ya washiriki yatoke, na ninayemtafuta mtafiti mkuu atie sahihi ripoti ya mfadhili kabla ya siku ya mwisho. Ombi langu ni hili, na afadhali nilitangulize: kila bajeti inapobana, msianze kwa kutupunguza sisi. Kazi yetu ndiyo inayoamua ubongo wa nani unaingia kwenye utafiti wenu na wa nani unabaki nje.

Najua kauli hiyo ni nzito. Naomba mnivumilie niieleze.

Mtu mwenye sonona kali, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, amekubali kushiriki. Amepewa miadi ya saa mbili asubuhi kwa sababu mashine ilikuwa wazi saa hiyo tu. Usiku kucha hakupata usingizi. Kunapambazuka, anapiga simu. Sauti iko chini, maneno yanatoka moja moja, na wala haombi kubadilishiwa siku. Anasema, "Samahani, nimewaharibia kazi." Basi. Karani aliyeingia juzi kwa mkataba wa miezi mitatu ataandika "hakufika" na kumwita anayefuata kwenye orodha, na hakuna atakayemlaumu, kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa. Karani aliyekaa kwenye kiti hicho kwa miaka atatulia kwanza. Atamuuliza yuko wapi, yuko na nani, na kama yuko salama. Atamwambia hajaharibu chochote. Atamtafutia nafasi ya alasiri, maana anajua kuwa kwa wengi wenye sonona asubuhi ndiyo saa ngumu kupita zote. Kabla siku haijaenda mbali, daktari wa utafiti atakuwa ameshaambiwa. Mshiriki wa karani wa kwanza amepotea moja kwa moja. Wa karani wa pili atarudi.

Sasa ichukueni simu hiyo moja, muifanye ya kila wiki, mwaka baada ya mwaka. Wanaopotea hawapotei kwa bahati nasibu. Mwenye dalili nyepesi atakuja hata kama maelekezo ni mabovu, atavumilia kupigwa danadana kutoka ofisi hii hadi ile, atajaza fomu ileile mara mbili. Mwenye dalili nzito anakatika njiani: yule anayesikia sauti, yule ambaye dawa zinamfanya alale mpaka adhuhuri, yule aliyelazwa tena na simu yake ikabaki kwa ndugu. Utawala ukiwa dhaifu, kituo kinajikuta kinapima akili za wale waliokuwa na nguvu ya kuvumilia utawala huo. Kisha makala inatoka ikisema "wagonjwa wa skizofrenia", na msomaji aliye mbali hana namna ya kujua kwamba waliougua zaidi walishaondoka kwenye jedwali zamani. Mchambuzi wa takwimu atajitahidi kuziba pengo kwa hesabu, na zipo mbinu nzuri za kufanya hivyo, lakini hakuna hesabu inayojua mtu ambaye hakufika angejibu nini.

Jambo hili limekuwa kubwa zaidi kwa sababu sayansi yenyewe imebadilika. Hans Berger aliporekodi mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu mwaka 1924, na kuyachapisha mwaka 1929, angeweza kuendesha kazi yake na wasaidizi wachache na daftari. Leo haiwezekani. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba tafiti zinazotafuta uhusiano kati ya tofauti za ubongo za mtu na mtu kwenye picha za MRI na tabia au dalili zao zinahitaji maelfu ya washiriki ili matokeo yake yaaminike na yarudiwe na wengine. Watafiti wengi waliusoma uchambuzi ule kama suala la takwimu. Mimi niliusoma nikaona simu. Maelfu ya washiriki maana yake ni maelfu ya fomu za ridhaa, miadi, nauli za kurudishwa, vikumbusho, na watu wanaohama makazi bila kuaga. Mmeongeza mashine, mmeongeza seva, mmeongeza wachambuzi, na hayo yote yalihitajika. Lakini ni nani aliyeongezwa kwenye meza ya simu?

Na hawa si washiriki wa utafiti wowote tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970 duniani walikuwa wanaishi na tatizo la afya ya akili, yaani mtu mmoja kati ya kila wanane. Wengi wao wanalificha, na wana sababu. Kwa hiyo kitu kidogo kwetu kinaweza kuwa msiba kwao. Bahasha yenye jina kamili la kituo, ikiachwa kwa jirani, imeshatangaza siri. Malipo yanayoingia benki yakiwa na maelezo "utafiti wa baipola" yataonwa na kila mwenye kuiona akaunti ile, awe mwenza au mzazi. Ujumbe wa simu unaosema "usisahau miadi yako ya kipimo cha akili" unasomeka kwenye kioo hata simu ikiwa imefungwa. Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti kwa binadamu uliopitishwa mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, ambalo kila pendekezo la utafiti hulitaja kwa heshima, linataka faragha ya mshiriki ilindwe. Ulinzi huo hautekelezwi na ukurasa wa pendekezo. Unatekelezwa na mtu anayeamua bahasha iandikwe nini, anayekwenda kwa wahasibu kubishana mpaka maelezo ya malipo yabadilishwe, na anayemuuliza mshiriki siku ya kwanza: tukikupigia akapokea mtu mwingine, tujitambulishe vipi?

Swali hilo la mwisho halimo kwenye fomu nyingi nilizoziona. Lilianzia kwenye meza za mapokezi, kwa watu waliokuwa wameshaona madhara ya kutoliuliza.

Kuna jambo jingine ambalo linaninyima raha, na nataka mlisome polepole. Dodoso la PHQ-9, ambalo vituo vingi hulitumia kupima sonona, lina maswali tisa. La tisa linauliza kama katika wiki mbili zilizopita mtu amesumbuliwa na mawazo kwamba ni afadhali angekufa, au mawazo ya kujidhuru. Siku hizi dodoso hujazwa nyumbani, kwenye simu, saa yoyote. Mtu analijaza Ijumaa usiku. Anaweka alama kwenye jibu la mwisho kabisa, "karibu kila siku". Anabonyeza kutuma, na jibu linaingia kwenye seva. Nani analiona? Kama jibu ni "timu itaangalia Jumatatu", basi mmemuuliza mtu swali zito kuliko yote, akawajibu ukweli, na ninyi mkaenda mapumziko.

Vituo vinavyojali vina utaratibu: mfumo unapiga king'ora jibu linapovuka kiwango fulani, yuko daktari wa zamu mwenye jina na namba, yuko mbadala wake akiwa hapatikani, na kila hatua inaandikwa saa na dakika. Mahali pengine mshiriki anaelezwa wazi kabla ya kuanza kwamba majibu hayasomwi papo hapo, na anapewa namba ya kupiga akizidiwa. Njia zote mbili zinahitaji mtu wa kuzitunza. Orodha ya zamu haijiandiki. Namba ya daktari aliyehama mwezi uliopita haijifuti yenyewe. Nani alikagua mara ya mwisho kwamba king'ora bado kinafika kwenye simu iliyo hai? Kwenye kituo chenye msimamizi wa kudumu swali hilo lina jibu.

Niseme pia wazi kwamba sisi si madaktari na hatutaki kugeuzwa madaktari wa bei nafuu. Karani hapaswi kubeba peke yake maneno ya mtu anayesema amechoka kuishi. Anapaswa kufundishwa kuyatambua, kuyapokea kwa utulivu, kumbakiza mtu kwenye simu na kumfikisha kwa mwenye taaluma. Baada ya hapo anahitaji mtu wa kumuuliza yeye naye anaendeleaje. Nimewaona wenzangu wakimaliza simu ya namna hiyo, kisha papo hapo wakaendelea kuandika ankara ya vitendanishi kwa sababu afisa manunuzi alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna muuguzi wala mtaalamu wa saikolojia ambaye mngemwacha afanye kazi hivyo.

Usalama wa mashine nao uko mikononi mwetu kuliko watu wanavyodhani. Sumaku ya MRI haizimwi jioni kama taa. Ipo inavuta saa zote, mashine ikiwa kazini au imetulia, kwa sababu waya zake zimezamishwa kwenye heliamu yenye ubaridi wa karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Ndiyo maana kabla mtu hajafika tunamuuliza kuhusu kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, klipu kwenye mishipa ya ubongo, vyuma kwenye mifupa, na kama amewahi kufanya kazi ya kuchomelea au kukata chuma, kwani kipande kidogo kilichobaki jichoni kinaweza kusogea na kumjeruhi. Mpiga picha atauliza tena mlangoni, na ni lazima aulize. Lakini maswali yakiulizwa vizuri kwenye simu, bila haraka, mtu hasafiri bure na kurudishwa, na saa ya mashine haipotei. Yanayohusu hofu ya sehemu finyu yanahitaji uangalifu zaidi. Mwenye wasiwasi mkubwa ukimsomea orodha kama hati ya mashtaka, hutamwona tena. Ukimweleza kwamba mashine ina kelele, kwamba atapewa vizuia sauti, kwamba atashika kitufe cha kuita na atatolewa wakati wowote akitaka, wengi hujikaza wakaja.

Kwenye kipimo cha EEG, kinachorekodi umeme wa ubongo kwa vitambuzi vya kichwani, mambo ni hayohayo kwa sura nyingine. Mtu anatakiwa aje na nywele zilizooshwa, bila mafuta. Nywele nyingi na nzito, au zilizosukwa kwa kubana, huzuia vitambuzi kugusa ngozi ya kichwa sawasawa. Asipoambiwa mapema, fundi atahangaika naye saa nzima, data itakuwa na kelele, na mwishowe rekodi yake itatupwa. Kundi zima la watu linaweza kutoweka kwenye matokeo kwa sababu hakuna aliyekaa nao kwenye simu kupanga siku inayofaa. Na kipimo kikiisha, jeli imebaki kichwani. Kuna sehemu ya kunawa? Kuna taulo? Mnaona ni mambo madogo, lakini mshiriki huyakumbuka anapoamua kama atarudi baada ya miezi sita.

Kuhusu vibali na matoleo ya fomu sitasema mengi, mnayajua. Ila kumbukeni kwamba fomu ya ridhaa ya toleo la zamani, ikitiwa sahihi baada ya toleo jipya kuidhinishwa, inaweza kufanya data ya mtu huyo isitumike. Na kwa washiriki wetu ridhaa ni jambo linaloishi. Mtu anaweza kuwa na uwezo kamili wa kuamua leo, akapatwa na saikosisi, hali ya kushindwa kutofautisha uhalisia na mawazo, mwezi ujao, kisha akapona. Lazima mahali fulani paandikwe nani atampima upya uwezo huo, lini, na afanyiwe nini akisema hataki tena. Akijitoa, damu yake iliyoko kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri inafanywaje, na picha zake zilizokwishatumwa kwa washirika zinafuatiliwaje? Hapo ndipo mikataba ya kubadilishana data inapoingia, na ule uangalifu wa kuufuta uso kwenye picha za MRI kabla hazijatoka, maana uso wa mtu unaweza kujengwa upya kutoka picha ya kichwa chake. Mtafiti mkuu anajua kwamba haya yapo. Msimamizi ndiye anayejua yako kwenye faili gani.

Nije kwenye fedha, kwa sababu ndiko mnakotukatia.

Kwa wafadhili wengi mshahara wa karani au msimamizi hauingizwi kwenye bajeti ya mradi. Unatupwa kwenye kapu la gharama za uendeshaji, pamoja na umeme na ukarabati wa paa. Kapu hilo ndilo kila mtu anataka lipungue. Februari 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zilitangaza kwamba fungu hilo lisizidi asilimia 15 kwa ruzuku zote, na mahakama ikaizuia hatua hiyo. Mjadala ule niliufuatilia kwa karibu, na kilichoniuma ni wepesi ambao watu walitumia kuzungumzia "urasimu" kana kwamba ni fedha inayotoroka sayansi. Ndani ya kapu lile yuko anayepokea simu ya saa kumi na mbili asubuhi.

Kituo kikikwepa kapu hilo, kinaangukia upande wa pili: kinamlipa msimamizi kutoka mradi mmoja, kwa muda wa mradi huo. Mradi ukiisha naye anaisha. Mwenzangu mmoja aliondoka namna hiyo, wakati mradi mwingine ulikuwa unaanza kwenye korido hiyohiyo na unatafuta mtu wa kazi hiyohiyo. Taratibu za ajira hazikuruhusu ahamishwe bila nafasi kutangazwa upya, na nyumba ilihitaji kodi, akachukua kazi kwingine. Washiriki wa ufuatiliaji wa muda mrefu waliendelea kupiga simu wakimuulizia kwa jina. Baadhi yao, waliposikia hayupo, walisema watafikiria. Mtu ambaye ugonjwa wake unamfanya ashuku kila mgeni alikuwa amejenga imani na sauti moja, na sauti hiyo tuliipoteza kwa sababu ya mstari kwenye jedwali la bajeti.

Pengo likitokea hivyo, kazi haiondoki. Inapanda juu. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili anakaa usiku kupanga risiti, mwanafunzi wa uzamivu anafuatilia forodha kwa ajili ya kifaa kilichokwama, mtaalamu wa picha anajaza taarifa za mwaka za kamati ya maadili kwa kubahatisha. Mnalipa mshahara wa juu kwa kazi ya utawala inayofanywa na mtu asiyeijua. Huo ndio uokoaji wa fedha ninaousikia ukisifiwa kwenye vikao.

Wapo watakaosema programu zitatufuta. Programu zimetusaidia sana, hasa vikumbusho na kalenda za mashine, na sitaki kurudi kwenye madaftari. Lakini programu ilituma kikumbusho, na yule mtu akapiga kuomba samahani. Wengine watasema fomu zimezidi. Hapo tuko pamoja! Nimejaza taarifa zilezile kwa ofisi tatu kwa mipangilio mitatu tofauti. Punguzeni fomu. Mkitaka kujua zipi za kuanza nazo, tuulizeni sisi, tutawapa orodha siku hiyohiyo. Ila mkipunguza watu na kuziacha fomu, mmetuongezea mzigo na mmewaongezea washiriki foleni.

Ninachowaomba wakurugenzi ni kuwa na msimamizi wa kudumu anayelipwa na fedha za msingi za kituo, na kila mradi unaoingia uchangie sehemu kwenye mfuko mmoja wa watumishi wa utawala, ili mtu asiondoke kwa sababu mradi mmoja umefika mwisho. Mtuite mezani wakati utafiti bado unabuniwa, kabla ombi halijaenda kwenye kamati ya maadili. Tukiwepo tutawaambia mapema kwamba miadi minne ndani ya wiki mbili haiwezekani kwa mtu anayeanza dawa mpya, na mtaokoa mwaka mzima wa kujiuliza kwa nini washiriki hawarudi. Mtufundishe namna ya kupokea mtu aliye hatarini, na baada ya simu ngumu tupate mahali pa kutua.

Kwenu wafadhili: ruhusuni mshahara wa mratibu wa washiriki uandikwe waziwazi kwenye bajeti ya mradi, kama mnavyoruhusu saa za mashine. Mnapopokea ripoti, msitosheke na idadi ya walioandikishwa. Dai la kwanza liwe ni wangapi walikatika, walikuwa na hali gani walipokatika, na nani aliwatafuta. Kituo kisichoweza kujibu hakijui kilimpima nani.

Kuna jambo moja ambalo mkurugenzi yeyote anaweza kulifanya wiki hii bila kuomba fedha kwa mtu. Chukua orodha ya washiriki waliojitoa katika utafiti mmoja mkubwa wa kituo chako. Kaa na anayepokea simu, mpitie mmoja mmoja, na umuulize anachokumbuka juu ya kila mmoja. Kama mtu huyo hayupo tena kazini, andika hilo nalo, na ulipeleke kwenye kikao cha bajeti. Niko tayari kufika mbele ya bodi yoyote itakayoniita kueleza tunavyoitunza orodha ya namna hiyo na gharama yake halisi, na naomba majibu yenu kabla ya bajeti ya mwaka ujao kufungwa.

Wenu katika kazi,

Mtumishi wa utawala, kituo cha utafiti wa ubongo na magonjwa ya akili